Barua ya wazi kwa Rais wa UCI: Jezi ya kijani haikuiokoa timu

Kwa Mheshimiwa David Lappartient,
Rais wa Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli (UCI),
Aigle, Uswisi.

YAH: FEDHA ZINAZOENDESHA TIMU ZA MBIO ZA BARABARANI

Mheshimiwa Rais,

Salamu, na pole kwa kazi. Najua meza yako haikosi barua: za dawa zilizopigwa marufuku, za usalama wa wapanda baiskeli, hata za urefu wa soksi, maana nazo mmezitungia kanuni. Yangu inahusu majina ya wadhamini, yale maandishi yaliyo kifuani mwa wapanda baiskeli, na nani anabaki kulipa mishahara siku maandishi hayo yanapofutwa.

Naanza na Biniam Girmay. Tarehe 1 Julai 2024, mjini Turin, kijana huyu wa Eritrea alishinda hatua ya tatu ya Tour de France, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mbio hizo. Akashinda nyingine mbili, na mwisho wa mbio, kule Nice, akapanda jukwaani na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi. Timu yake, Intermarché-Wanty ya Ubelgiji, haikuwa na mfuko mnene, na hapo ilikuwa imewapa wadhamini wake, kampuni ya maduka na ile ya ujenzi, matangazo ambayo hayanunuliki. Hata hivyo, mwisho wa msimu wa 2025 timu hiyo ilishindwa kusimama peke yake, ikaungana na Lotto, timu nyingine ya Ubelgiji. Timu mbili zikiwa moja, nusu ya viti huondolewa mezani: wapanda baiskeli, mafundi, madereva, wachua misuli. Girmay akaondoka.

Na si mara yake ya kwanza. Mwaka 2021 alikuwa Delko, timu ya Ufaransa iliyoishiwa fedha na kufungwa mwaka huohuo. Ndiko alikotokea kwenda Intermarché. Mwisho wa 2025 alikuwa na miaka 25 tu, na tayari timu mbili zilikuwa zimemfia. Ikiwa haya yanampata mshindi wa jezi ya kijani, fikiria yule anayembebea chupa za maji.

Mheshimiwa, haya unayajua kuliko mimi, ila niruhusu niyaeleze kwa ajili ya wengine watakaoisoma barua hii. Klabu ya mpira ina uwanja, ina tiketi mlangoni, ina fungu la fedha za televisheni, na ikibanwa sana inauza mshambuliaji. Timu ya baiskeli haina hata kimoja cha kutegemea katika hivyo. Uwanja wake ni barabara ya umma, na anayesimama kando ya mlima kushangilia hajalipa hata senti. Haki za matangazo ni za mwandaaji wa mbio. Mpanda baiskeli kwa kawaida humaliza mkataba na kuhama bila timu kulipwa kitu. Kinachobaki ni leseni, basi, magari, na baiskeli ambazo mara nyingi zimetolewa na kiwanda ili zionekane. Karibu fedha nyingine zote hutoka kwa kampuni iliyonunua haki ya timu kuitwa kwa jina lake.

Zawadi? Tour de France nzima, wiki tatu za jasho, hugawa takribani euro milioni 2.3 kwa jumla. Mshindi huondoka na 500,000, na kwa desturi fedha hizo huingia kwenye chungu cha timu, wakagawana na wenzake na wafanyakazi. Ukizigawa zote sawasawa kwa timu 23, kila moja inapata kama laki moja ya euro. Timu tajiri leo zinatajwa kuwa na bajeti inayopita euro milioni 50 kwa mwaka. Kwa hiyo hata ukishinda kila kitu, zawadi ni hela ya chai.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni ule wa timu ya Uholanzi tunayoiita leo Visma-Lease a Bike. Kwa miaka mingi iliitwa Rabobank. Oktoba 2012, ripoti ya shirika la Marekani la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni ilipomwanika Lance Armstrong, benki hiyo ilitangaza kwamba haina tena imani na mchezo huu, ikajitoa. Mwaka 2013 timu ikaanza msimu ikiitwa Blanco, yaani haina mwenyewe, jezi ikingoja maandishi. Katikati ya mwaka akapatikana mdhamini, Belkin. Belkin akaondoka, ikaja bahati nasibu ya taifa na duka la vyakula: LottoNL-Jumbo, kisha Jumbo-Visma. Wakajenga polepole, wakafika pale ambapo hakuna timu iliyowahi kufika: mwaka 2023 walishinda mbio zote tatu kubwa, Giro ya Italia kwa Primož Roglič, Tour kwa Jonas Vingegaard, Vuelta ya Hispania kwa Sepp Kuss.

Na vuli hiyohiyo, timu bora duniani ilikuwa ikihangaika. Jumbo alikuwa anaondoka. Zikavuma habari za kuungana na Soudal Quick-Step, mahasimu wao, na kwa wiki kadhaa wapanda baiskeli wa timu zote mbili hawakujua Januari watavaa nini. Muungano haukutokea, mdhamini mpya akapatikana. Lakini jiulize: katika mchezo gani mwingine bingwa wa kila kitu hutembeza bakuli msimu uleule aliotwaa makombe yote?

Si wao peke yao. Timu ya HTC-Highroad, iliyokuwa ikishinda kuliko nyingine yoyote enzi zake, na iliyokuwa na Mark Cavendish kwenye ubora wake, ilifungwa mwishoni mwa 2011 kwa kukosa mdhamini. Quick-Step ya Patrick Lefevere ilishinda mara 73 mwaka 2018 huku bosi wake akitafuta fedha za msimu unaofuata. Ukisikia mtu anasema suluhisho ni timu kushinda zaidi, mwonyeshe hizo.

Zipo zilizodumu, nakubali. Timu tunayoiita Movistar imekuwapo tangu 1980: ilianza kama Reynolds, ikawa Banesto ya Miguel Indurain na Tour zake tano, ikawa Illes Balears, ikawa Caisse d'Epargne, kisha Movistar tangu 2011. Kiwanda cha alumini, benki, visiwa, benki nyingine, simu. Watu ni walewale, roho ni ileile, ila shabiki aliyeipenda utotoni amelazimika kubadili jina la mpenzi wake kila baada ya miaka michache. Ni vigumu kumuuzia mtu skafu ya namna hiyo.

Nimerudi nyuma kwenye historia kutafuta ni lini tulikubaliana na mpango huu, nikakuta kitu ambacho ofisi yako ingefaa kukitazama upya. Tour yenyewe ilizaliwa 1903 kama tangazo la gazeti la L'Auto. Giro nayo, 1909, tangazo la La Gazzetta dello Sport. Ndiyo maana jezi ya anayeongoza Tour ni ya njano na ya Giro ni ya waridi, rangi za karatasi za magazeti hayo. Timu wakati huo zilikuwa mali ya viwanda vya baiskeli. Kisha mwaka 1930 Henri Desgrange, mwenye Tour, alichoshwa na viwanda kupanga matokeo, akavifukuza na kuleta timu za mataifa. Hapo gharama za wapanda baiskeli zikamwangukia yeye: chakula chao, malazi yao, hata baiskeli. Atatoa wapi fedha? Akabuni msafara wa matangazo, yale magari ya kampuni yanayotangulia mbio yakirusha zawadi kwa watu, na kampuni zikamlipa.

Timu za mataifa ziliendelea hadi 1961, zikarudi kidogo 1967 na 1968, kisha zikaondoka. Kampuni zikashika tena timu, na safari hii si za baiskeli tu, kwani tangu 1954 Fiorenzo Magni alikuwa ameshafungua mlango kwa kuendesha baiskeli akiwa na jina la Nivea, mafuta ya kujipaka, kifuani. Lakini msafara wa matangazo, uliobuniwa ili mwandaaji amudu kuwalisha wapanda baiskeli, haukuondoka. Upo mpaka leo na fedha zake zinaingia kulekule. Wajibu uliouzaa ndio uliosahaulika njiani.

Wewe mwenyewe ulikuwa meya wa Sarzeau, mji uliopokea mwisho wa hatua ya nne ya Tour ya 2018. Unajua vizuri kwamba miji hulipa ili mbio zianzie au ziishie kwao. Miji inalipa, televisheni zinalipa, kampuni za msafara zinalipa. Siku ile Fernando Gaviria aliinua mikono mbele ya watu wako akiwa na jina la kampuni ya sakafu kifuani, na hiyo kampuni ya sakafu, pamoja na wadhamini wenzake, ndiyo iliyokuwa inamlipa. Katika hizo fedha nyingine zote, timu yake ilipata nini zaidi ya posho ya kushiriki na zawadi ya hatua, euro 11,000?

Sitaki kuwa mwonevu kwa waandaaji. Kampuni ya ASO inamiliki Tour, na Tour inaingiza faida. Lakini mbio nyingi ndogo zinaendeshwa na watu wa kujitolea wanaomaliza mwaka wakiwa na deni la uzio na polisi. Ukizikamua hizo, zitakufa kabla ya timu. Na hata ukiichukua Tour yenyewe, fungu la timu halitalipa bajeti ya milioni 50, wala ya milioni 20. Ninachokitaka ni kidogo zaidi ya hapo: fungu dogo la uhakika, linalokuja kila mwaka, ambalo halitegemei mkurugenzi wa masoko wa kampuni fulani kuamka vizuri. Fedha ya kumpa fundi na dereva mishahara wakati mdhamini mpya anatafutwa. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na timu zetu hazina hata ndugu. Zinategemea cha jirani.

Pale fedha ya kampuni ilipopungua, wameingia wengine. Falme za Kiarabu, Bahrain na Kazakhstan zina timu zenye majina yao au ya miji yao. Ineos, iliyoichukua Team Sky mwaka 2019, sehemu yake kubwa ni ya tajiri mmoja. Sina chuki na fedha hizo. Bila ya Falme za Kiarabu, iliyokuwa Lampre pengine ingezikwa mwaka 2017, na nyota wake wa leo, Tadej Pogačar, angekuwa na jezi nyingine. Ila tumeona zinavyobadilika. Andy Rihs alipofariki Aprili 2018, timu yake ya BMC ilibaki yatima. Ikachukuliwa na CCC, kampuni ya viatu ya Poland, na janga la 2020 lilipofunga maduka, kampuni hiyo ikaondoka. Mwaka 2025, kwenye Vuelta, timu ya Israel-Premier Tech ilizingirwa na maandamano, ikaondoa jina la nchi kwenye jezi katikati ya mbio, hatua ya mwisho ya Madrid ikavunjika, na baadaye Premier Tech akajitoa. Mwenye msimamo wowote kuhusu siasa zile ataona jambo moja: wafanyakazi wa timu hawakuwa na chochote cha kushika jina lilipogeuka mzigo.

Na kuna hadithi ya Qhubeka, ambayo kwangu inauma zaidi. Mwaka 2015, ikiitwa MTN-Qhubeka, ilikuwa timu ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kushiriki Tour. Daniel Teklehaimanot akavaa jezi ya mfalme wa milima. Steve Cummings akashinda hatua ya Mende siku ya Mandela. Kisha ikaitwa Dimension Data, kisha NTT, kisha Qhubeka Assos. Juni 2021 ikatangaza mdhamini mpya, NextHash, kampuni ya sarafu za kidijitali, kwa mkataba wa miaka mitano. Miaka mitano hiyo haikuvuka Desemba. Mwisho wa mwaka timu ilikuwa imetoka WorldTour, daraja la juu la mchezo huu, na wapanda baiskeli wanagonga milango ya watu.

Hapa ndipo kanuni zako zinapoingia, Mheshimiwa. Mnazitaka timu ziweke dhamana ya benki inayotosha takribani mishahara ya miezi mitatu, na mnatuma wakaguzi wa hesabu. Ni jambo jema, limewaokoa wengi. Lakini mtu aliyesaini mkataba wa miaka miwili na timu ikafa Oktoba anahitaji zaidi ya miezi mitatu, maana kufikia Oktoba nafasi zote zimeshajaa kwingine.

Muulizeni Audrey Cordon-Ragot, aliyewahi kuwa bingwa wa Ufaransa. Mwaka 2022 alisaini na timu ya wanawake iliyokuwa ianzishwe chini ya mradi wa timu ya Ufaransa ya B&B Hotels. Mkuu wa timu hiyo, Jérôme Pineau, alikuwa akiahidi mdhamini mkubwa, jina la Cavendish likitajwa kila siku. Desemba ukweli ukatoka: fedha hakuna, timu inafungwa, ya wanaume na ile ya wanawake ambayo haijazaliwa. Cordon-Ragot akapata nafasi timu ya Zaaf. Miezi michache baadaye Zaaf ikawa hailipi mishahara, na UCI ikaifutia leseni. Timu mbili ndani ya majira mamoja ya baridi, naye ni mmoja wa wanaojulikana. Kwa wasiojulikana hatukusikia hata habari.

Kwa upande wa wanawake nakupa pongezi kwa moyo mmoja. Mshahara wa chini wa timu za WorldTour ya wanawake haukuwapo kabla ya 2020. Ukaanza kwa euro 15,000, na kufikia 2023 ulikuwa 32,102. Ni kazi ya ofisi yako. Ila mshahara wa chini una maana pale tu mwenye kuulipa anapokuwepo mwezi wa tisa.

Kwa hiyo ninaomba nini? La kwanza ni lile fungu. Waandaaji wa mbio za WorldTour walipe asilimia ya mapato yao ya televisheni na ya miji kwenye mfuko mmoja, kwa viwango vinavyopanda kulingana na ukubwa wa mapato, ili Tour ibebe mzigo wake na mbio ndogo zisiguswe. Mfuko ugawiwe timu sawasawa, si kwa ushindi. Ukiugawa kwa ushindi utakuwa umemwongezea Pogačar mafuta kwenye taa inayowaka. Watasema waandaaji hawatakubali, pengine. Lakini leseni na kalenda viko mikononi mwa UCI, na hakuna mbio bila timu.

Nasikia pia mjadala wa kuweka ukomo wa bajeti. Sina tatizo nao, ila ukomo humzuia tajiri asinunue zaidi. Haumpi maskini kitu. Na mpango wa One Cycling, wa timu na waandaaji kuungana kibiashara, uliokuja na fedha za Saudi Arabia, mliukataa Juni 2025 mkisema hauendani na mfumo. Sikusikitika sana. Lakini waliokuwa nyuma yake, timu zilizochoka kuomba, bado wapo na tatizo lao bado lipo, na mpaka sasa hatujaona mlichoweka mahali pake.

La pili ni dogo na halihitaji ruhusa ya mtu. Dirisha la kusaini wapanda baiskeli hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Timu ambayo haijaonyesha mkataba wa udhamini wa msimu unaofuata, uliosainiwa, itangazwe hivyo na UCI siku hiyo, hadharani, na isiruhusiwe kusajili mtu mpya mpaka iuonyeshe. Wakuu wa timu watalalamika kwamba kutangazwa kutawafukuza wadhamini. Huenda. Lakini siri hii kwa sasa wanaibeba wafanyakazi, na wao ndio hawajui kwamba wamebebeshwa. Kama kanuni hiyo ingekuwepo 2022, wapanda baiskeli wa B&B wangekuwa na miezi minne ya kutafuta kazi badala ya wiki chache kabla ya Krismasi.

Na dhamana ya benki ipande kutoka miezi mitatu hadi sita, ianzie na timu zilizosajiliwa upya kwa mdhamini asiye na historia kwenye mchezo. Mwenye fedha kweli haogopi kuziweka benki.

Naishia hapa, maana najua una ratiba. Kabla ya Agosti ijayo kuna kikao cha kamati yako ya usimamizi. Wakuu wa timu watafika na slaidi nzuri na majina ya wadhamini watarajiwa. Naomba umwombe kila mmoja wao afunge kompyuta, umuulize mshahara wa Januari wa fundi wake uko benki gani.

Wako katika mchezo,
Shabiki wa mbio za barabarani